Mengineyo ya Kikao cha Bahi

Jumamosi ya pili ya Agosti, saa kumi kasorobo alasiri, Ruthu Matonya alitoa meza barazani kwake Chang'ombe, akaweka juu yake kompyuta ya mtumba isiyo na kitufe cha herufi Q, kikombe cha chai ya tangawizi, na kidude chenye ukubwa wa kidole gumba ambacho muuzaji wa Majengo alimpa akidhani anataka kutazamia televisheni. Ruthu hakuwa na haja na televisheni. Alichomeka kidude, akakiunganisha na waya uliopanda mpaka juu ya paa la bafu, ambako alikuwa amefunga fito mbili za pazia zilizotanuka kama herufi V. Yeye aliiita antena. Majirani waliiita kamba ya nguo iliyoshindikana.

Saa kumi na dakika saba setilaiti ya hali ya hewa ilikuwa ipite juu ya Dodoma, kama inavyopita kila siku bila kumbughudhi mtu, ikirusha chini picha za mawingu kwa yeyote mwenye sikio. Sikio la Ruthu lilikuwa programu aliyoipakua bure. Ilitungwa na watu ambao hawajawahi kuonana, mmoja huku mwingine kule duniani, na masharti yao yalikuwa matatu tu: itumie, ibadilishe upendavyo, na ukishaibadilisha usiwafiche wenzako. Kila aliyegusa hata mstari mmoja aliandikwa jina lake, tarehe na sababu. Ruthu aliipenda programu hiyo kuliko baadhi ya ndugu zake, na alikuwa tayari kulisema hilo hadharani.

Setilaiti ilichomoza upande wa Kondoa na picha ikaanza kushuka kwenye kioo, mstari kwa mstari. Likaja Ziwa Viktoria, kisha nchi kavu ya katikati, ambayo mwezi wa Agosti haina hata wingu la kusingizia. Dakika kumi na mbili baadaye ilizama upande wa Iringa. Ruthu alinyoosha mkono ili azime, akakumbuka chai yake, akanywa kwanza. Hapo ndipo spika ilipokohoa, na mjomba wake Abeli akaanza kusema.

"Mimi naitwa Abeli Mazengo," alisema mjomba kutoka kwenye kompyuta. "Majaruba matatu ya mpunga yaliyo kaskazini mwa mfereji ni yangu, niliachiwa na mama yangu. Sikatai maendeleo. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba nimekubali."

Paskazia, jirani wa mlango wa pili, alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua choroko. Aliinua uso kidogo.

"Huyo si mjomba wako wa Bahi?"

"Ndiye."

"Kile kikohozi bado hakijamwacha?"

"Kilimwacha. Hii ni ya Machi."

Paskazia akasema aah, akatupa kijiwe uani, akaendelea na choroko zake.

Ruthu alijua ni ya Machi kwa sababu nyuma ya sauti ya mjomba mvua ilikuwa inapiga bati la darasa, na kwa sababu muhtasari wa kikao kile aliuchapa yeye. Alikuwa katibu muhtasi katika ofisi moja ya mjini inayopanga nani alime wapi. Jina la ofisi tuliache, maana za namna hiyo ni nyingi na kila moja ina mlinzi wake. Machi ile maofisa walikwenda Bahi kuwaeleza wakulima kwamba majaruba ya kaskazini mwa mfereji yanafaa kupewa mwekezaji wa mpunga. Wakulima wakaelezwa, kikao kikafungwa, maofisa wakarudi na matope kwenye viatu.

Baada ya mjomba walisema watu wengine kumi na sita. Evelina, mjane, alisema mumewe amezikwa kwenye tuta la jaruba lake na akauliza kama mwekezaji atalilima na tuta. Mzee mmoja aliuliza ng'ombe watapitia wapi kwenda majini. Kijana mmoja aliomba aonyeshwe ramani, akajibiwa kwamba ramani iko kwenye gari, na gari dereva ameondoka na ufunguo. Bahi walipokwisha wakafuata watu wa Kongwa, kisha wa Mpwapwa, kisha kamati ya shule iliyobishana kuhusu choo. Kwenye saa kumi na mbili upepo ulitulia na sauti zikafifia, naye Ruthu akaingiza meza ndani.

Jumatatu alifika ofisini mapema, akatoa majalada ya mihtasari ya mwaka mzima na kuilinganisha na sauti alizorekodi Jumamosi. Haikumchukua muda kuelewa. Yote yaliyokuwa kwenye karatasi hayakusikika kwenye redio, hata neno moja. Yaliyosikika kwenye redio hayakuwa kwenye karatasi. Neno likisemwa kikaoni likaandikwa, linatua na kukaa jaladani. Lisipoandikwa linabaki juu, na juu ya Dodoma hakuna mvua ya kutosha ya kulishusha. Aliona ni jambo linaloeleweka. Kilichomsumbua kilikuwa kingine.

Muhtasari wa Bahi ulikuwa na kurasa nne. Ukurasa wa mwisho, kipengele cha sita, Mengineyo, ulikuwa na mstari mmoja: "Hakukuwa na mengineyo, na kikao kilifungwa saa 8:00 mchana."

Mtu asiyewahi kufanya kazi ya ukatibu hawezi kujua mstari huo unatoka wapi. Muhtasari mpya hauanzi na karatasi tupu. Unafungua faili la kikao kilichopita, unabadilisha tarehe, unabadilisha mahali, unafuta ya katikati na kuandika mapya. Ya mwanzo na ya mwisho hayaguswi, kwa sababu siku zote ni yale yale. Mstari ule ulichapwa mara ya kwanza miaka saba nyuma, siku ya mkesha wa Pasaka, na siku hiyo ulikuwa wa kweli: kila mjumbe alitaka kuwahi nyumbani. Tangu hapo ulikuwa unasafiri kutoka faili hadi faili, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, ukifunga kila kikao saa nane mchana.

Karatasi za kikao kile, zilizoandikwa kwa mkono, alizoletewa Machi azichape, Ruthu alizikumbuka vizuri mno. Kwenye kipengele cha sita ofisa alikuwa ameandika "wananchi waliongea sana", akachora mshale kuelekea ukurasa unaofuata, na ukurasa unaofuata haukuwamo. Ruthu aliuona mshale. Angeweza kuinuka na kuuliza. Ilikuwa Ijumaa saa tisa, Bahi lilikuwa jina moja kati ya majina kumi na mawili ya wiki hiyo, na mstari wa mwisho ulikuwa tayari umekaa mahali pake. Aliuacha.

Mwezi wa nne kikao cha juu kilisoma kwamba wananchi wa Bahi hawakuwa na la kusema. Mwezi wa sita pakawa na bango na seng'enge kaskazini mwa mfereji. Mjomba Abeli, ambaye hakujua muhtasari uliandikwa na nani, alimpigia simu Ruthu mara mbili kumwomba amuulizie huko mjini wamekosea wapi. Mara zote mbili Ruthu alijibu kwamba anafuatilia. Alikuwa na miaka thelathini na sita, na hajawahi kujiona mdogo kama alipokata simu ile ya pili.

Jioni ya Jumatatu ile, kabla hata ya kubandika maji ya ugali, aliandika kwenye jukwaa la wale watu wa programu. Aliandika kwa Kiingereza chake cha ofisini, akaeleza masafa, urefu wa fito, hali ya upepo, na kwamba badala ya mawingu anapokea wakulima. Akauliza kama hilo ni kosa la programu au la kwake. Siku iliyofuata alijibiwa na mwanamke mmoja wa Bolivia kwamba kwake pia huwa inatokea, hasa Alhamisi, yeye hupokea vikao vya migodini, na kwamba itamsaidia kupunguza kidogo nguvu ya kipokezi ili sauti zisipasuke. Mtu mwingine alipendekeza fito zilazwe zaidi. Baada ya wiki msimamizi wa programu alifunga swali lake kwa maneno machache: si kosa, programu inapokea kilichopo. Toleo lililofuata lilikuwa na orodha mpya ya kuchagua. Picha za mawingu, ndege, meli, yasiyoandikwa.

Ruthu akalaza fito zaidi, na mjomba akasikika safi kabisa.

Mwezi Septemba alihamisha sauti za Bahi kwenye simu, akaingia kwa Bwana Ambokile, mkuu wa kitengo, aliyekuwa mwenyekiti wa kikao kile. Bwana Ambokile hakuwa mtu mbaya. Alisalimia wahudumu kwa majina na hakuwahi kumtuma mtu chai. Alisikiliza watu wote kumi na saba, mwanzo mpaka mwisho, mikono ikiwa juu ya meza.

"Huyu wa kwanza ndiye yule mzee mwenye koti la kahawia," alisema. "Namkumbuka. Aliongea vizuri sana."

"Hayumo kwenye muhtasari, bosi. Hakuna hata mmoja. Na mimi ndiye niliyeuchapa."

"Hawamo, ni kweli."

"Sasa tunafanyaje?"

Bwana Ambokile alifikiri kwa haki kabisa. Alitoa jalada, akafungua, akamwonyesha sahihi mbili. "Muhtasari huu ulithibitishwa Aprili. Marekebisho hufanywa siku ya kuthibitisha, si baada. Ukishathibitishwa, Ruthu, kilichotokea ni kile kilichomo. Wakitaka wanaweza kuleta barua."

"Walileta barua mwezi wa tano. Wakajibiwa kwamba kwa mujibu wa muhtasari hawakuwa na pingamizi."

"Basi wamejibiwa," alisema Bwana Ambokile, na alisema kwa huzuni.

Aliizungusha kalamu. Kisha akauliza kama hiyo antena inaweza kufika Rungwe. Mwaka themanini na saba kulikuwa na kikao cha wakulima wa chai, marehemu baba yake alisimama akasema jambo, na nyumbani wamekuwa wakibishana alisema nini hasa. Ruthu alimwambia haifiki, milima inazuia. Bwana Ambokile akasema anaelewa. Akavuta fomu za likizo zilizokuwa mezani, akaanza kuziwekea sahihi moja moja bila kuinua kichwa, na Ruthu akatoka taratibu.

Wiki mbili baadaye Bwana Ambokile alimwita. Ofisi ilikuwa imeagizwa kuboresha huduma kwa wateja, na yeye alikuwa amepata wazo. Redio ile iwekwe mapokezi, ili mwananchi anayesubiri aweze kusikiliza maoni yake. Ruthu alikubali palepale. Alifikiri kwamba maofisa wakipita na mafaili yao mbele ya sauti zile asubuhi na jioni, siku moja wataona haya. Alikosea, lakini halikuwa kosa la kijinga. Mtu yeyote mwenye utu angefikiri hivyo.

Aliitengeneza kwa moyo wake wote. Spika aliitoa kwenye teksi iliyokufa, kasha likawa bakuli la plastiki la kubebea chakula, na ndani yake aliweka kompyuta isiyozidi ukubwa wa kiberiti. Kwa siku tatu baraza lake lilinuka moshi wa risasi ya kuunganishia nyaya, na Paskazia akahamishia kigoda chake upande wa pili wa nyumba. Alipogundua kwamba mtu wa Mpwapwa atalazimika kusikiliza Kongwa nzima kabla ya kijiji chake, Ruthu aliandika mistari kumi na miwili ya kupanga sauti kwa mahali na kwa zamu. Ilimchukua Jumamosi nne. Aliituma kwa wenye programu, wakairudisha mara mbili na masahihisho, mara ya tatu wakaipokea. Kwenye orodha ya waliochangia pakaongezwa mstari: Ruthu Matonya, Dodoma, ameongeza zamu. Aliusoma mstari ule akiwa amesimama. Katika miaka kumi na mmoja ya kuchapa maneno ya watu, ilikuwa mara ya kwanza kuona lake limeandikwa mahali.

Mapokezi kulikuwa na Ikram, binti mwenye subira, ambaye alitoa namba na kuwaelekeza watu kwenye benchi. Tangazo lilibandikwa: "Sikiliza maoni yako hapa. Zingatia zamu." Wakaja. Walikuja na bodaboda, na mabasi ya asubuhi, wengine na chakula chao. Mtu alitaja kijiji chake, Ikram akabonyeza, na baada ya muda mtu akajisikia. Wengi walitikisa kichwa wakasema ndiyo, ni mimi. Mmoja alilalamika kwamba alisema zaidi ya hapo, akasikiliza tena, akakiri kwamba mengine alikuwa ameyasema njiani wakati wa kurudi. Bibi mmoja wa Kongwa alikuja na wajukuu wanne ili wamsikie alivyokuwa na hasira akiwa na nguvu zake. Wakishasikiliza waliaga, wakaondoka, na kwa kuwa walikuwa wamesikilizwa, hawakupanda ghorofani.

Maofisa walipita. Siku za kwanza walipunguza mwendo, mmoja wao hata akasimama kidogo Evelina alipouliza habari ya tuta. Kisha wakazoea, na mwezi wa kumi na moja mtu wa uhasibu akaomba sauti ipunguzwe asubuhi. Taarifa ya mwisho wa mwaka ilieleza kwamba malalamiko yamepungua kwa theluthi mbili. Ofisi ikapewa cheti, kikaning'inizwa juu ya bakuli la plastiki. Kaskazini mwa mfereji seng'enge ilibaki ilipokuwa. Ruthu alichukia cheti kile kwa dhati, na kila Ijumaa alikifuta vumbi kwa sababu kilikuwa kwenye eneo lake.

Mjomba Abeli hakuwa amekuja. Ruthu hakumwambia habari ya redio, na kila basi la Bahi lilipoingia alichungulia dirishani kuangalia koti la kahawia. Hakuogopa mjomba atasikia nini. Aliogopa atauliza nini.

Januari kulikuwa na kikao cha robo mwaka, palepale ofisini, na mwandishi wake alikuwa Ruthu. Mwandishi hukaa pembeni ya mwenyekiti, huandika, hasemi. Kikao kikafunguliwa, muhtasari uliopita ukathibitishwa, yatokanayo yakapita kama maji. Kilipofikiwa kipengele cha mwisho Bwana Ambokile aliuliza kama kuna mengineyo, huku akifunga jalada, na wajumbe huku wakisukuma viti.

"Mimi ninayo," alisema Ruthu.

Wajumbe wakarudisha viti. Ruthu alisimama. Alikuwa amejiandaa wiki nzima na maneno mazuri, yote yakamtoka, akabaki na yale ya kawaida.

"Kwenye muhtasari wa Bahi, wa Machi, kuna mstari wa mwisho unaosema hakukuwa na mengineyo. Mstari ule niliuacha mimi. Ulitoka kwenye faili la zamani, nikauona, na niliona pia mshale unaoelekeza kwenye karatasi isiyokuwemo, sikuuliza. Watu kumi na saba walisimama wakakataa. Wa kwanza ni mjomba wangu. Wamenyang'anywa mashamba kwa mstari ambao hakuna aliyeusema. Naomba iandikwe."

Hakuna aliyemkatisha. Bwana Ambokile alisema ahsante, Ruthu, tumepokea, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepokea kweli. Mjumbe mmoja alifuta miwani. Kisha kikao kikafungwa, na ilikuwa saa tisa na robo.

Ruthu alichapa muhtasari siku hiyohiyo. Safari hii alianza na karatasi tupu. Kipengele cha Mengineyo kilichukua kurasa mbili, na majina kumi na saba yalikuwemo, pamoja na swali la tuta na la ufunguo wa gari. Asubuhi yake karatasi zilirudi zikiwa na mstari mwekundu wa rula, ulionyooka, kutoka kona hadi kona. Pembeni Bwana Ambokile alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: "Mwandishi si mjumbe. Maneno ya asiye mjumbe hayaingii kwenye muhtasari. Pole sana."

Ruthu alikwenda kuangalia kanuni. Ilikuwa kweli, kanuni ya tisa. Alirudi kwenye kiti chake akakaa na karatasi zile mapajani. Alifikiri kukataa kuchapa upya, akajua kwamba akikataa atachapa mwingine kabla ya chai ya saa nne. Alikuwa na hasira na alikuwa na aibu, na hakuweza kujua ipi ni ipi. Kisha akachapa, akafuta kurasa mbili, akapeleka ghorofani. Alasiri upepo ulikuwa mzuri. Mapokezi, redio ilikohoa mara moja na kuanza kusema kwa sauti ya Ruthu, na Ikram akaiongeza kwenye orodha, chini ya Bahi, kwa mahali na kwa zamu.

Mjomba Abeli alikuja wiki ya kwanza ya Februari, bila koti, kwa sababu kulikuwa na joto. Suruali yake ilikuwa imekunjwa na miguu ina matope yaliyokauka. Habari za redio alikuwa amezipata kwa Evelina. Alimsalimu mlinzi, akamsalimu Ikram, akachukua namba ishirini na tatu, akakaa benchini na watu wengine. Ruthu alimwona kutoka juu. Alishuka ngazi mpaka ngazi ya mwisho, akasimama hapo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Mbona hukuniambia kama mmetuweka humu?"

Ikram alibonyeza Bahi. Mjomba Abeli akasikiliza mvua ya Machi juu ya bati, akajisikia akikohoa, akajisikia akitaja majaruba yake. Alifuata kila neno na midomo, polepole. Wakaja Evelina, na mzee wa ng'ombe, na kijana wa ramani, wote kumi na saba. Ikram alijua kinachofuata. Alimtazama Ruthu, kidole kikiwa juu ya kitufe, na Ruthu akatikisa kichwa kwamba aache iendelee.

"Mimi ninayo," ilisema redio.

Iliendelea mpaka mwisho. Watu wa benchi, waliokuwa wamemwona mwenye sauti amesimama pale ngazini, waliangalia sakafu kwa heshima. Mjomba Abeli hakuangalia sakafu wala hakumwangalia Ruthu. Aliangalia bakuli la plastiki. Redio ikaingia Kongwa, akasema mtu mmoja habari za kisima, akasema wa pili, na wa tatu.

"Huo mshale," mjomba aliuliza hatimaye. "Uliuona?"

"Niliuona, mjomba."

"Na sasa umesema."

"Nimesema."

"Wakakuandika?"

"Hawakuniandika."

Mjomba Abeli aliguna. Akajivuta kando, akamsogeza na mwanamke aliyekaa jirani yake, mpaka pakapatikana nafasi ya mtu mmoja benchini. Ruthu akaja akakaa. Bega la mjomba lilikuwa la moto na lilinuka tope la jaruba, na Ruthu alilia kidogo, bila kelele, kwa sababu mahali penyewe palikuwa pa umma. Mjomba alimwacha alie. Redio ilipomaliza habari za kisima aliuliza ni saa ngapi, kwa kuwa basi la Bahi halimsubiri mtu.

"Kaa kidogo, mzee, nikuletee maji," alisema Ikram. "Unakimbilia nini?"

"Kesho alfajiri tunapandikiza."

"Shamba la nani?"

"Lilelile, kaskazini mwa mfereji," alisema mjomba Abeli, akiinuka. "Mwekezaji alitafuta kibarua anayejua maji yanaingilia wapi. Hakuna mwingine anayejua, ila mimi."

Alimpa Ruthu mkono, akamrudishia Ikram kikaratasi cha namba, akatoka nje kwenye jua. Ikram akaita ishirini na nne.